Kamba ya Pabitin



Huko Ufilipino uko mchezo wa watoto uitwao pabitin. Huchezwa siku za kuzaliwa, na pia kwenye fiesta, yaani sikukuu ya mtakatifu wa kijiji. Wazee hufunga fito za mianzi zikawa kama chanja, wakatundika peremende, vidoli na vifuko vya sarafu. Chanja hilo hutiwa kamba, na kamba hupitishwa juu ya tawi au boriti. Mtu mzima hushika ncha yake. Akilishusha, watoto huruka. Akilipandisha, hukosa na kucheka. Kisha hulishusha tena, mpaka kila kitu kimenyakuliwa.

Tumeufikiria sana mchezo huu. Ukielezwa kwa maneno makavu ungetuudhi: mwenye kitu anakining'iniza juu ya vichwa vya wasio nacho, nao wanarukaruka huku watu wakitazama. Mbona basi hauudhi? Twadhani ni kwa sababu aliyeshika kamba anawajua watoto. Anamwona yule mfupi aliyebaki nyuma, na kwa ajili yake atalishusha chanja zaidi kidogo. Tena hakuna mtoto anayeulizwa kwao wamekula nini kabla ya kuruhusiwa kuruka.

Lakini kamba hiyo imepata kushikwa na watu wengine. Wafilipino wamependa kwa miaka mingi vipindi vya televisheni vya saa sita mchana, vyenye nyimbo, ngoma, vichekesho na michezo ya kushinda zawadi. Eat Bulaga! kilianza mwaka 1979. Wowowee kilianza 2005, na sifa yake ilikuwa kuwagawia maskini fedha. Mshiriki alikuwa akisimulia taabu za nyumbani kwake, mara nyingi akilia, ndipo akacheza.

Tarehe 4 Februari 2006 Wowowee kilikusudia kuadhimisha mwaka wake wa kwanza katika uwanja wa michezo huko Pasig, jirani na Manila. Zawadi kubwa ilikuwa peso milioni moja. Watu walianza kupanga foleni siku kadhaa kabla, wakalala nje, wakazidi kuja kwa maelfu. Asubuhi ile walisukumana langoni, na zaidi ya watu 70 wakafa kwa kukanyagwa, wengi wao wanawake. Baada ya wiki chache kipindi kilirudi hewani, kikaendelea hadi 2010.

Wako watakaosema kwamba waliokufa waliponzwa na tamaa. Hatukubali neno hilo. Mwenye njaa hana miiko, na mama anayelala barabarani siku mbili kwa matumaini ya zawadi anatuonyesha tu jinsi milango mingine ilivyofungwa mbele yake.

Jambo la pili ni dogo kwa hesabu, nalo ndilo linalotusumbua zaidi. Machi 2011, katika kipindi kingine kiitwacho Willing Willie, mtoto wa kiume wa miaka sita alicheza jukwaani ngoma ya vilabu vya usiku, ile wachezayo wanaume kwa kulipwa. Alikuwa akilia. Watu wazima walikuwa wakicheka, naye akachezeshwa tena. Alipewa peso 10,000. Kelele zikawa nyingi nchini, na baadhi ya makampuni yaliyotangaza biashara zao humo yakajitoa. Lakini wazazi wa mtoto walikitetea kipindi. Walisema hakulazimishwa.

Hapa ndipo penye swali gumu. Kama mpokeaji ameridhika, na fedha imefika nyumbani, sisi tulio mbali tunalalamikia nini? Fedha ile ilinunua mchele kweli, na hasira zetu hazikununua hata kibaba kimoja.

Hata hivyo twaona kwamba zawadi ile ilikuwa na bei, na mtoto ndiye aliyeilipa. Alitoa machozi yake, watazamaji wakapata kicheko, wenye kituo wakapata matangazo, naye akarudishiwa sehemu ndogo ikiitwa wema. Hiyo ni biashara. Ridhaa ya mtu asiye na njia nyingine yatosha kumwondolea yeye lawama, lakini haimwondolei anayemchezesha, wala anayetazama. Na sisi tuliopata kumwita mjane mbele ya watu apokee unga wake huku akipigwa picha, tusijifanye kwamba hatukuelewa kilichokuwa kikitendeka jukwaani pale.

Hatusemi burudani na msaada visikutane. Tarehe 24 Oktoba 2015 watu wapatao 55,000 walikusanyika katika ukumbi wa Philippine Arena, huko Bulacan, kushangilia mchezo wa mapenzi wa vichekesho uliozaliwa ndani ya Eat Bulaga! Walikata tiketi, na fedha ya tiketi iliwekwa kwa ajili ya kujenga maktaba za shule. Kipindi hicho nacho si malaika. Nacho huenda mitaani na zawadi, kamera ikiingia mpaka jikoni kwa watu. Ila siku ile aliyetaka kucheka alilipia kicheko chake mwenyewe, na watoto waliokusudiwa vitabu hawakuwa hata ukumbini.