Je, Sadaka ya Mkaa ni Safi?

Siku ya Mavuno mwaka jana mhubiri alitufundisha juu ya uumbaji. Alisema kwa uchungu, na alisema kweli: misitu inakwisha, mvua haziji tena kwa majira yake, na kila anayewasha jiko la mkaa ana mkono wake katika uharibifu huo. Tuliitikia amina. Baada ya ibada, mnada wa mavuno ukiendelea nje, mama mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mkaa alinifuata pale nilipokuwa nahesabu fedha na wazee wenzangu. Ana kibanda uchochoroni kwetu Mchikichini, na kwa kibanda hicho amesomesha watoto watatu. Aliniamkia, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Mzee wangu, bahasha niliyotoa leo ni ya mkaa. Mnaipokea, au niichukue?"

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Lilikuwa jibu la kumwondoa mtu mezani ili tuendelee kuhesabu. Nimelibeba swali lake tangu siku ile.

Nianze na upande wa mhubiri, maana hoja yake ni nzito kuliko tunavyopenda kukubali. Kama nusu ya mkaa wote unaotumika nchini inakadiriwa kuchomwa hapa Dar es Salaam. Tanuri la udongo la kule porini humaliza takribani kilo nane hadi kumi za kuni ili kutoa kilo moja ya mkaa. Sehemu kubwa ya mti hupotea kwa moshi kabla gunia halijafungwa. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ilikuwa ya kwanza kuumia kwa sababu ilikuwa jirani na sisi. Leo malori yanatoka Rufiji, Kilwa, Morogoro na Handeni.

Sisi wa Mchikichini hatuna udhuru wa kusema hayo ni mambo ya mbali. Mto Msimbazi huanzia vilima hivyohivyo vya Pugu, kule Kisarawe. Unashuka, unapita bondeni kwetu, unafika Jangwani na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Kilima kikivuliwa miti, maji hayakai juu. Hushuka na udongo wake. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Sitasema kwamba mkaa peke yake ulileta maji yale. Tumejenga ndani ya njia ya mto na tumeujaza taka. Lakini mkaa umo.

Kuna pia moshi. Serikali imekuwa ikitaja vifo zaidi ya 33,000 kila mwaka vinavyotokana na hewa chafu ya jikoni, na wanaoinamia jiko tunawajua ni akina nani. Ndiyo maana Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Mkristo anayeamini kwamba dunia ni mali ya Bwana hawezi kuupinga mkakati huo kwa sababu tu wali wa jiko la mkaa una harufu nzuri. (Una harufu nzuri, nakubali.)

Sasa Mama Mkaa. Wateja wake ni akina mama wanaonunua mkaa wa elfu moja, wa leo tu, kwa sababu elfu moja ndiyo iliyopatikana leo. Kujaza mtungi mdogo wa gesi kunataka shilingi elfu ishirini na kitu kwa mkupuo. Mwenye mshahara atakuonyesha kwa kalamu kwamba ukijumlisha mwezi mzima gesi ni nafuu, na hesabu yake ni sahihi. Lakini anayeishi kwa siku hana mwezi wa kujumlisha. Anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi, na bado huambiwa kwamba anapenda uchafu. Siku hizi ipo mitungi yenye mita, unalipia kadiri unavyopika, na hiyo ni habari njema, lakini haijafika katika kila uchochoro.

Tulishajaribu njia ya amri. Mwaka 2006 Serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa, na marufuku ile haikudumu hata mwezi, kwa sababu jiji lilitaka kula. Amri iliwakuta watu bila jiko la pili.

Ugomvi huu si wetu peke yetu. Wamarekani wamebishana miaka mingi juu ya makaa ya mawe, yale yanayochimbwa ardhini. Upande mmoja unasema yanachafua anga la watu wote, hata la sisi tusioyachoma. Upande wa pili unasema migodi ndiyo iliyolea vijiji vya West Virginia na Kentucky. Katikati ya miaka ya 1980 migodi hiyo iliajiri watu zaidi ya 150,000. Miaka thelathini baadaye walibaki kama 50,000. Wengi waliondolewa na mashine na gesi ya bei nafuu, wala si watetezi wa mazingira, lakini aliyesikika akiwaambia kwamba kazi ya baba zao ni chafu ni mtetezi wa mazingira, tena aliyekaa mbali katika mji wenye umeme uleule wa makaa yao. Ninadhani hasira yao ilianzia hapo. Wachimbaji wale waliokuwa wakikohoa vumbi la mgodi hawakuhitaji kufundishwa kwamba makaa ni mabaya. Walitaka kujua watakula nini Jumatatu.

Huku kwetu mambo yamepinda kwa namna yake. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, linatengeneza mkaa mbadala uitwao Rafiki kwa makaa ya mawe ya Kiwira, ili tuache kukata miti. Kwa hiyo kitu ambacho Mmarekani anaambiwa akiache, Mtanzania anaambiwa akikimbilie, na pande zote mbili zinasema ni kwa ajili ya uumbaji. Silaumu, msitu uliobaki umesimama ni msitu. Nasema tu kwamba neno "safi" tunalitumia kwa haraka mno. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, linatoa umeme usio na moshi, na bado eneo kubwa la pori la Selous limefunikwa na maji ili tuupate. Sijaona bado moto usiomgharimu mtu, na ndipo swali la Mama Mkaa linapogeuka. Yeye aliuliza kama fedha yake ni safi. Mimi najiuliza gharama ya usafi huu wetu mpya imewekwa begani kwa nani.

Bwana wetu aliwahi kuwakemea wanasheria kwa kosa moja mahususi (Luka 11:46): kuwatwika watu mizigo isiyobebeka huku wao wenyewe hawaigusi hata kwa kidole. Hakusema sheria yao ilikuwa mbaya. Inawezekana kabisa kufundisha kweli na kutenda dhambi kwa namna unavyoifundisha.

Mtu ataniuliza: basi umaskini ni kibali? Maskini wa uchochoroni akate tu, na maskini wa bondeni afe maji? Swali hili limenisumbua kuliko lile la kwanza, kwa sababu wote wawili ni washarika wetu. Mwaka ule wa mafuriko Mama Mkaa mwenyewe alipokea nyumbani kwake familia iliyopoteza kila kitu bondeni, akawapikia kwa mkaa. Siwezi kumwambia kwamba tendo lile lilikuwa dhambi. Wala siwezi kumwambia kwamba mkaa haukuchangia maji yaliyowaleta mlangoni kwake. Katika Yohana 21 Bwana aliyefufuka anawapikia wanafunzi wake samaki juu ya makaa, na katika Torati tunakatazwa kuangusha miti ya matunda hata wakati wa vita (Kumbukumbu la Torati 20:19). Nayashika yote mawili. Umaskini haufanyi jambo baya kuwa jema; unabadilisha tu ni nani wa kwanza kudaiwa. Mwenye majiko mawili adaiwe kabla ya mwenye jiko moja.

Na hapa lazima niseme habari ya jiko letu wenyewe. Siku ileile ya Mavuno, wakati mhubiri akilia kwa ajili ya misitu, nyuma ya kanisa yalikuwapo masufuria manne ya pilau juu ya mkaa. Magunia mawili. Tuliyanunua kwa Mama Mkaa, kwa bei ya kuombana, maana "ni kazi ya Bwana, mama, tupunguzie." Nilikula sahani mbili. Serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja kuacha kuni na mkaa. Sisi kwenye msiba mmoja tunapita hesabu hiyo kabla ya saa sita mchana. Jiko kubwa la gesi lilipoletwa kwenye kikao, tulisema fedha hakuna. Mwezi uliofuata tulinunua spika mpya.

Nilikwenda kibandani kwake jioni moja nikamwambia kwamba bahasha yake haina uchafu ambao sahani yangu haikuwa nao. Alicheka. Akasema angependa kuuza gesi, amekwisha kuulizia, lakini wakala anataka mtaji wa mitungi kadhaa kwa pamoja, na yeye mtaji wake wote ni magunia matano yaliyo pale. "Mzee wangu," akasema, "nyie kanisa mkinikopesha mitungi, si nitakuwa nawajazia nyie wenyewe?"

Nimelipeleka kikaoni, mkopo na jiko pamoja. Limeahirishwa mara mbili. Jumamosi hii limewekwa ajenda namba saba, baada ya sare za kwaya.