Furaha ya Kiangazi na Haki ya Jirani

Kila jamii ina majira yake ya kukutana. Katika wilaya ya Karagwe, na katika Kyerwa ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Karagwe hiyo hiyo, majira hayo ni kiangazi, yaani tangu mwezi wa Juni hadi Agosti, mvua za masika zikiwa zimekwisha na zile za vuli hazijaanza. Wakati huo buni zimeiva na kuanikwa, fedha ya kahawa inaanza kuonekana mikononi mwa watu, shule hufungwa kwa muda, na wale waliokwenda kutafuta maisha Mwanza, Dar es Salaam au ng'ambo ya Mto Kagera hurudi kuwaona wazazi. Asubuhi ukungu hutanda juu ya vilima vya Kayanga hata mtu asimtambue mwenziwe aliye upande wa pili wa barabara. Ifikapo adhuhuri vumbi jekundu limekwisha kufunika majani ya migomba iliyo kando ya njia. Watu huoana, hubatiza watoto, hucheza mpira wakigombea mbuzi, huenda kutazama maonyesho ya wakulima ambayo kilele chake ni tarehe 8 Agosti, na Jumamosi hazitoshi kwa wingi wa sherehe.

Katika insha hii nataka kuuliza swali moja tu juu ya mikutano hiyo ya furaha. Je, jirani asiye na fedha ya kuchanga ana haki gani katika sherehe ya jirani yake?

Swali hili laweza kuonekana dogo mbele ya maswali makubwa ya maadili ambayo wanafunzi wetu hufundishwa. Kwangu mimi lilikuja siku moja ya mwezi wa Julai, miaka michache iliyopita, nilipoalikwa harusini katika mji mdogo wa vilimani huko Karagwe. Mlangoni pa ukumbi walisimama vijana wawili wakikagua kadi. Mbele yangu alikuwapo bibi kizee mmoja, jirani wa wazazi wa bwana harusi. Nilimfahamu, kwa sababu asubuhi ile nilipopita nyumbani kwa wenye shughuli nilimkuta akimenya ndizi, na niliambiwa kwamba alikuwapo hapo tangu alfajiri. Sasa alikuwa ameoga na kuvaa kitenge chake kizuri. Kadi hakuwa nayo, kwani hakuwa ametoa mchango.

"Shikamoo, bibi," alisema kijana mmoja kwa adabu. "Utusamehe. Humu wanaingia wenye kadi tu."

"Marahaba, mjukuu wangu," alijibu bibi. Kisha akasogea kando, akaketi juu ya jiwe, akawa anasikiliza muziki. Mimi niliyekuwa nyuma yake nilitoa kadi yangu nikaingia. Sikusema neno, na chakula nilikila.

Wepesi wa kumlaumu kijana yule hautatusaidia. Yeye alifanya kazi aliyopewa, tena bila ukali. Nyuma yake ilikuwapo kamati iliyokaa vikao vingi, ikaandika ahadi za watu, ikalipia ukumbi, viti, vyombo vya muziki na sahani za chakula kwa hesabu kamili. Kama angemruhusu mmoja asiyechanga, angewaruhusu wangapi? Na yule aliyejinyima ili akamilishe ahadi yake, je, asingeudhika kukosa kiti? Hoja hizi si za kijinga. Mtu anayetaka kutetea haki ya bibi yule hana budi kuzijibu, wala hatoshi kusema tu kwamba zamani tulikuwa watu wema.

Basi hiyo zamani ilikuwaje? Kabla ya ukumbi na kadi, sherehe katika nchi hii ilisimama juu ya pombe ya ndizi. Wasomaji wasioifahamu Kagera yafaa waelezwe jinsi inavyotengenezwa, maana ndimo hoja yangu ilimo. Ndizi za pombe, ambazo si zile za kupika, hukatwa zikiwa zimekomaa, zikafukiwa katika shimo lililopashwa moto kwa siku kadhaa mpaka ziive. Kisha humenywa na kutiwa katika mtumbwi wa mti uliochongwa mahsusi kwa kazi hiyo. Wanaume huzikanyaga kwa miguu pamoja na nyasi, kwa kuwa nyasi ndizo zinazotenganisha maji ya ndizi na nyama yake. Maji hayo matamu huchujwa, na watoto hupata sehemu yao hapo hapo. Yanayobaki hurudishwa mtumbwini, hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, hufunikwa kwa majani ya migomba, na baada ya siku moja au mbili huwa rubisi.

Tazama sasa mambo mawili. Kwanza, kazi hiyo haimalizwi na mtu mmoja. Mwenye shamba la migomba hutoa ndizi. Asiye na migomba hukata nyasi, hupasua kuni, huchota maji bondeni, au hutoa miguu yake tu. Jioni hakuna awezaye kumwuliza umekuja na nini, kwa sababu jasho lake limo mtumbwini. Pili, rubisi haikai. Baada ya siku chache tu huwa chachu kupita kiasi na haifai tena. Aliye na mtumbwi mzima wa pombe hana ghala la kuiweka; ama aimwage ama aite watu. Sisemi kwamba wazee wetu walikuwa wakarimu kwa sababu tu kinywaji chao kiliharibika upesi, wala siusifu ulevi, ambao umebomoa nyumba nyingi huko kwetu. Nasema kwamba ukarimu hupata nguvu mahali ambapo uchoyo hauna faida. Bia ya chupa na soda hukaa miezi, huhesabika moja moja, hufungiwa stoo kwa kufuli. Penye kitu cha namna hiyo hapana budi apatikane mtu wa kushika ufunguo.

Hata hivyo tusiipambe zamani. Ufalme wa Karagwe, ambao makao yake yalikuwa Bweranyange, ulikuwa na wakubwa na wadogo, wafugaji Wahima waliojiona bora na wakulima Wairu waliowafanyia kazi. Mwingereza Speke alifika kwa Mfalme Rumanyika mwezi wa Novemba 1861 akakaa mpaka Januari iliyofuata. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1863 ameeleza sherehe ya mwezi mwandamo iliyofanywa ikulu kila mwezi. Ngoma ziliwekwa safu na kupigwa, na wakuu wakaja mmoja mmoja mbele ya mfalme kuonyesha utii wao. Kwa maelezo yake, shabaha ya sherehe ile ilikuwa kujua ni wangapi katika raia wa mfalme walio waaminifu kwake. Kwa hiyo sherehe iliyohesabu watu si uzushi wa kamati zetu za harusi. Ngoma za Bweranyange zilikwisha kuhesabu.

Hapo ndipo nilipolazimika kuliacha wazo langu la kwanza, kwamba ubaya umo katika kuhesabu. Kila karamu ina masharti yake. Mithali inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na Mwalimu Nyerere aliitumia katika maandishi yake juu ya Ujamaa mwaka 1962, alipotaka kuonyesha kwamba ukarimu wa jadi haukuwa malisho ya wavivu. Lakini mithali haikusema mgeni aombwe ng'ombe. Ilitaja jembe, chombo ambacho kila mwenye mikono miwili aweza kukishika. Tofauti ninayoitafuta imo humo. Jamii ina haki ya kumdai kila ajaye kwenye furaha yake. Haina haki ya kumdai kitu ambacho baadhi yao hawawezi kuwa nacho, kisha ikaita kukikosa huko kuwa ni kutojali.

Atakayeona kwamba ninadai jambo lisilowezekana na atazame misibani. Katika vijiji vya Karagwe na Kyerwa, kama kwingineko nchini, wako watu walioungana katika vyama vya kuzikana. Vyama hivyo vina daftari, tena daftari kali: asiyefika mazikoni bila sababu hutozwa faini, na akizidi hutengwa. Kinachodaiwa ni nini? Ni kuja. Ni kuchimba kaburi, kuleta kuni na maji, kulala matangani, na fedha kidogo iliyo sawa kwa tajiri na maskini. Sijapata kusikia mlango wa msiba ukikaguliwa kadi. Watu ni wale wale, vilima ni vile vile, na umaskini ni ule ule. Ila katika huzuni tunadaiana tulichonacho sote, na katika furaha tunadaiana walichonacho wachache.

Nilimweleza kijana mmoja msomi hoja hii, naye akanijibu kwamba msiba humpata kila mtu lakini harusi ni furaha ya mwenyewe, na mwenyewe ana uhuru wa kuchagua atakaofurahi nao. Jibu lake si baya. Ila limesahau ndoa ni kitu gani. Hao maarusi siku watakapogombana usiku wa manane hawatamkimbilia mwenye kadi ya watu wawili aliyekwisha kurudi Mwanza. Watamgongea bibi yule wa jirani. Mtoto atakapougua mama akiwa shamba, atakayembeba ni huyo huyo. Kumwita mtu awe shahidi wa maisha ya nyumba kwa miaka ishirini, kisha kumweka juu ya jiwe usiku mmoja ambao nyumba hiyo inaanza, ni jambo ambalo uhuru wa mwenye shughuli hautoshi kulihalalisha.

Tena hasara yenyewe si sahani ya pilau. Mfaransa Marcel Mauss, katika insha yake ya mwaka 1925 juu ya zawadi, alionyesha kwamba katika jamii nyingi za dunia kutoa, kupokea na kurudisha ni wajibu, na kwamba kwa njia hiyo watu hufungamana. Michango yetu ya harusi ni ya namna hiyo hasa. Aliyekuchangia leo unamwandika, na kesho mwanawe akioa utamchangia. Kwa hiyo asiyeweza kuanza hatafikiwa kamwe. Wajukuu wa bibi yule wataoa bila ukumbi na bila kamati, na wale wanaokula leo watasema wao wenyewe hawapendi mambo ya watu. Hivyo kadi haimfungii mlango wa ukumbi peke yake. Inamfungia nje ya mzunguko mzima.

Huko Ulaya pia jambo hili liliwasumbua watu wa miji midogo. Mwaka 1758 mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau alimwandikia d'Alembert barua ndefu kupinga wazo la kujenga jumba la michezo ya kuigiza mjini Geneva, alikozaliwa, mji ulio karibu na milima ya Alps. Hakupinga furaha. Alitaka iwe nje, chini ya mbingu, ambapo watu wenyewe ndio watakaokuwa mchezo na ndio watakaokuwa watazamaji. Naikubali picha hiyo, ingawa yafaa kukumbuka kwamba katika Geneva ya wakati ule si kila aliyeishi mjini alihesabiwa kuwa raia.

Picha ya Rousseau twaweza kuiona bila kusafiri. Nenda jioni ya Julai kwenye uwanja wowote wa kijiji timu mbili zinapogombea mbuzi. Mbuzi amefungwa mtini anakula majani, hana habari. Hakuna ukuta wala tiketi. Wazee wamekaa upande wa kivuli, akina mama wanauza karanga na ndizi za kuchoma, watoto wamejipanga kwenye mstari mpaka mwamuzi anawafukuza. Asiye na senti hupiga kelele sawa na mwenye duka, tena pengine zaidi.

Sishauri kwamba turudi kwenye mtumbwi. Tangu katikati ya miaka ya 2000 ugonjwa wa mnyauko umeharibu migomba mingi ya Kagera, na aina za ndizi za pombe ndizo zilizoumia sana. Wako wenye shamba ambao leo hawawezi kujaza mtumbwi hata wakitaka. Vijana wengi nao wamehamia mijini, na nyumba za kupanga hazina ua wa kukalisha watu mia. Ukumbi umekuja kwa sababu zake. Lakini tangu Desemba 1962, Jamhuri ilipozaliwa na Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ikaundwa, tumezoea kuuona utamaduni katika ngoma na mavazi, tukasahau kwamba namna ya kusimama mlangoni nayo ni utamaduni, na kwamba hiyo hubadilishwa na watu sita walioketi kwenye kikao.

Kiangazi kilichofuata nilikaa katika kikao cha namna hiyo, safari hii nikiwa mjumbe. Nilieleza habari za jiwe na kitenge. Wengine walicheka kidogo, wengine wakanyamaza. Mwisho tulikubaliana kwamba jirani atakayefanya kazi ya shughuli aandikwe katika daftari la michango pamoja na wengine, apewe kadi. Katibu, mtu makini sana wa hesabu, alifungua ukurasa akauliza mzigo wa kuni auandike kuwa shilingi ngapi. Mwenyekiti alifikiri kwa muda, kisha akamwambia aandike mzigo mmoja wa kuni.