Shamba Ni Lako, Moto Si Wako

Kila kiangazi, majani yakaukapo kando ya barabara ipandayo kutoka Masasi kwenda Newala, twasikia neno lile lile: «Nimechoma shamba langu mwenyewe.» Shamba ni lake kweli, lakini moto haujui mpaka. Mkorosho wa jirani, uliongojewa miaka mitatu au zaidi hata uzae, huungua kwa muda mfupi. Je, asiyekusudia ubaya hana deni? Twasema analo, maana aliweza kufyeka ukingo na kungoja upepo utulie. Mwezi wa Oktoba 2020 mamia ya watu waliupanda mlima Kilimanjaro kuuzima moto. Kwetu yatosha watu wachache wenye majembe, wakiitwa kabla ya kiberiti. Naye jirani aitwaye asipokwenda, ana sehemu yake katika hasara.