HODI KABLA YA KUFUNGUA SIMU NA KOMPYUTA YA MWENZAKO

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu. Tunamshukuru, tunamwomba msaada na tunamwomba msamaha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, watu wa nyumba yake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu Waislamu, wazee wetu, mama zetu, na ninyi vijana mnaopenda safu ya nyuma karibu na mlango: nawausia, nikianza na nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Leo tutasimama kwenye hilo neno la siri.

Katika Sura An-Nur, aya ya 27, Mwenyezi Mungu anawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe. Aya inayofuata inasema kwamba mtu akiambiwa arudi, basi arudi. Jambo hili hatukulisoma kwanza chuoni, tulizaliwa nalo: tunasema hodi. Mtoto wa Kindu au wa Kasongo akiingia kwa jirani bila hodi anakaripiwa kabla hajavuka kizingiti. Lakini mtoto huyo huyo akikuta simu ya jirani juu ya meza, anaifungua, anaangalia picha, anasoma ujumbe, na hakuna anayemwambia kitu. Wakubwa nao wanafanya vivyo hivyo, tena wanacheka.

Ndugu zangu, nyumba ya mtu iko wapi leo? Zamani mambo yake ya ndani yalikuwa katika sanduku chini ya kitanda: barua, picha, karatasi za shamba, akiba kidogo iliyofungwa katika kitambaa. Leo barua iko katika simu, picha iko katika simu, karatasi ya shamba imepigwa picha ikawekwa katika simu au kompyuta, na akiba nayo imo humo humo. Anayefungua simu ya mwenzake amefika mpaka chumba cha kulala. Ameshapita sebule zamani.

Katika miaka ya 2000, aliyetaka kutuma barua kwa intaneti alikwenda mjini kwenye nyumba yenye dishi la setilaiti, akalipa kwa saa, akakaa mbele ya kompyuta iliyokwisha kuguswa na watu wengi siku hiyo. Wengine waliondoka bila kufunga sanduku lao la barua. Aliyeketi baada yao alikuta kila kitu wazi, na hakuvunja kufuli. Hata leo, kwenye kompyuta za vibanda vya kupiga chapa na kutoa kopi, mambo ni yale yale. Kompyuta inamwuliza mtu kama ihifadhi neno lake la siri, naye kwa haraka anabonyeza ndiyo bila kusoma. Tangu hapo kompyuta inamkumbuka, na anayekuja nyuma anaweza kuingia kwa jina lake.

Je, mlango ulioachwa wazi ni ruhusa? Sahaba Sahl bin Saad, Mungu amwie radhi, amesimulia, na hadithi hii iko katika Bukhari na Muslim, kwamba mtu mmoja alichungulia kwa tundu katika chumba cha Mtume (s.a.w.), naye Mtume alikuwa anajikuna kichwa kwa chanuo. Mtume akamwambia kwamba lau angelijua anachunguliwa, angelimdunga jicho kwa chanuo lile; kisha akamweleza kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa sababu ya jicho. Angalieni vizuri. Yule mtu hakuingia, wala hatukusimuliwa kwamba alichukua kitu. Aliangalia tu. Basi asije mtu akatuambia: mimi sikuiba, nilisoma tu.

Kuna na hodi ya namna nyingine. Abu Musa Al-Ash'ari alibisha hodi mara tatu mlangoni kwa Omar bin Khattab, hakuitikiwa, akarudi zake. Omar alipomwuliza sababu, akamwambia ndivyo Mtume alivyofundisha. Omar akataka shahidi, na Abu Said Al-Khudri akashuhudia. Linganisheni na sisi. Tunamtumia mtu ujumbe, tunaona zile alama mbili za bluu kwamba amesoma, hajajibu. Tunapiga simu mara kumi. Tunamtuma mtoto. Halafu tunamsema katika kundi la WhatsApp la familia kwamba siku hizi ana kiburi. Huenda mtu yuko msibani. Huenda hana la kusema. Mara tatu zinatosha.

Sasa tuje kwenye jambo lililofanya karatasi hii iandikwe.

Wazee wetu wengi hawakujifungulia wenyewe anwani za intaneti. Mzee ana mtoto Kolwezi au Lubumbashi, ana binti Ulaya, anataka kumwona uso. Anamwita kijana wa mtaa, naye kijana anamfanyia kazi, Mungu amlipe. Lakini ni kijana aliyechagua neno la siri, na namba ya kurudishia neno hilo likipotea ni namba ya kijana. Mzee hajui neno wala hajui kwamba lipo. Kuanzia siku ile kijana ana ufunguo wa nyumba ya mzee, na mwenye nyumba hana.

Binti anaandika kutoka mbali kwamba ndoa yake imeharibika, kwamba ana ugonjwa ambao hataki mama yake ausikie, kwamba mwezi huu atatuma dola kadhaa. Kijana anasoma kabla ya mzee. Kufika jioni, wenye kuomba mkopo wamekwisha kukaa kwenye uwanja wa mzee, naye anashangaa wamejuaje. Kijana yule hajioni mwizi. Anajiona msaidizi, na kweli amesaidia! Ila Sura An-Nisaa, aya ya 58, inatuamuru kurudisha amana kwa wenyewe, na siri ya mtu ni amana kubwa kuliko mbuzi wake. Mbuzi akipotea utamlipa mwingine. Siri ya binti utailipa kwa nini?

Kijana, jiweke mahali pa yule anayeosha maiti. Anaona mwili wote, kwa sababu kazi inamlazimu kuona, kisha anatoka nje na hasemi alichokiona, hata kwa mke wake. Ukimsomea mzee asiyejua kusoma, msomee yeye peke yake, kwa sauti ya kumfikia yeye, si barazani. Na kama una neno la siri la mtu, mrudishie leo hii, umfundishe kulibadilisha, naye alibadilishe wewe ukiwa umegeuza uso. Kama mikono yake inatetemeka na lazima uandike wewe, basi awepo mwanawe au mkewe, mtu atakayemchagua mwenyewe.

Hali ni kama hii kwa fedha. Tangu M-Pesa ilipoanza hapa Kongo mwaka 2012, na mitandao mingine nayo kuwa na huduma yake, simu imekuwa mfuko wa fedha. Mama anafika kabini, anamkabidhi mwenye kabini simu, halafu anamtajia namba ya siri kwa sauti, mbele ya watu watano waliopanga mstari. Mwenye kabini Mwislamu anapaswa kukataa kuisikia. Amwambie: mama, shika simu yako, bonyeza mwenyewe. Kama hawezi, atafutwe mtoto wake. Hii itamchelewesha mwenye kabini, na mstari utanung'unika. Lakini siku fedha za mama zikikosekana, yeye atakuwa mtu wa kwanza kushukiwa, na hatakuwa na la kujitetea.

Umeme wetu mnaujua. Simu nyingi zinalala nje, kwa mwenye jenereta au mwenye paneli ya jua, zimepangwa kwenye ubao kama mikate. Simu isiyofungwa kwa namba inalala huko ikiwa wazi usiku kucha. Weka namba ya kuifunga, haigharimu hata franka moja. Na wewe unayechaji simu za watu, na wewe fundi unayetengeneza simu na kompyuta, mteja amekuletea skrini iliyovunjika, hakukuletea picha za mke wake. Fundi anajua vizuri kwamba picha iliyofutwa mara nyingi haijatoka kabisa, na mwenye programu yake anaweza kuirudisha kutoka katika kadi ya kumbukumbu. Ujuzi huo ni neema, na utaulizwa umeutumia wapi.

Kuna mambo mawili ambayo wengi hawayajui, nayo yanafaa kusemwa hapa. Mtu akishika simu yako iliyo wazi kwa nusu dakika, anaweza kuelekeza kamera yake kwenye alama ya miraba midogo iliyo kwenye kompyuta yake, na WhatsApp yako ikaunganishwa na kompyuta ile. Atakurudishia simu na kukushukuru. Baada ya hapo ujumbe wako utaonekana na kwake, hata akiwa mji mwingine. Ndani ya WhatsApp, kwenye mipangilio, kuna mahali pa vifaa vilivyounganishwa: paangalie, na usichokitambua kikate. La pili ni zile tarakimu sita zinazokuja kwa ujumbe mfupi. Anayekupigia na kukuomba umsomee tarakimu hizo, hata akijitaja kuwa wa kamati ya msikiti, anataka kuchukua anwani yako, kisha awaandikie ndugu zako kwa jina lako kwamba uko hospitali na unaomba fedha. Usimpe mtu yeyote.

Kuhusu Wi-Fi, nitasema kidogo tu. Mega ni mali iliyonunuliwa. Kutumia mtandao wa jirani kwa sababu mtoto wako amefahamu neno lake la siri ni kula katika sufuria ya jirani bila kuitwa. Mwombe. Wengi watakupa.

Najua swali linalowachoma baadhi yenu: je, mume na mke? Je, mzazi na mtoto? Mtoto mdogo yuko chini ya ulinzi, na mzazi ni mchungaji atakayeulizwa. Mzazi aangalie, lakini aangalie waziwazi, mtoto akijua kwamba simu ile baba anaifungua. Hata hivyo, aya ya 58 na ya 59 za Sura An-Nur zinawataka watoto waombe ruhusa kwa wazazi katika nyakati tatu za faragha, na wakibaleghe waombe kila wakati. Nyumba ambayo Qur'ani inaitaka ni nyumba ya hodi, hata kati ya watu wa damu moja. Katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kwamba mtu alimwuliza Mtume kama aombe ruhusa hata kwa mama yake, naye akamjibu kwamba ndiyo.

Kwa mume na mke, Sura Al-Hujurat, aya ya 12, imekataza kupelelezana, na haikuwatoa wanandoa. Anayeamka usiku wa manane, akachukua kidole cha mwenzake aliyelala na kufungulia simu, ndoa yake ina ugonjwa, na simu siyo dawa yake. Mwulize mchana, uso kwa uso. Mkishindwa, itenindugu wa pande mbili wakae nanyi.

Wengine wanaitaja hadithi iliyo katika Abu Daud kuhusu anayeangalia barua ya nduguye bila ruhusa. Hadithi hiyo ina udhaifu katika njia zake, na Abu Daud mwenyewe amesema hivyo, kwa hiyo hatukuijengea juu yake; tuliyoyataja yanatosha. Na wengine watasema: mbona Mtume aliwatuma Ali na wenzake wakaichukua barua ya Hatib njiani, kabla ya kufunguliwa kwa Makka mwaka wa 8 Hijria? Kweli. Barua ile ilikuwa inapeleka habari za jeshi kwa adui, na aliyetoa amri ni kiongozi wa umma aliyejulishwa na Mola wake. Kila mwenye wivu asijifanye ametumwa kama Ali.

Sheria ya nchi nayo iko upande huu. Kifungu cha 31 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinalinda maisha ya faragha ya kila mtu na siri ya barua na mawasiliano yake. Hakimu lakini anahitaji ushahidi, na anayesoma ujumbe wa mwenzake kwa kawaida hana shahidi ila Malaika wawili.

Leo baada ya Sala ya Ijumaa, wazee na mama ambao anwani zao zilifunguliwa na watu wengine wabaki barazani na simu zao. Vijana wa jumuiya watakaa nao mmoja mmoja, wawaonyeshe mahali pa kubadilisha neno la siri. Kila mtu ataandika lake mwenyewe, na kijana atageuza uso. Mama watakaa upande wao na mabinti wa madrasa. Asiye na simu yenye chaji aje Ijumaa ijayo.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.