Sitiari Si Ushahidi

Je, mtu anayesema jambo kwa picha amesema uongo? Swali hili nililisikia kwanza darasani, nilipokuwa nikifundisha fasihi mjini Sumbawanga. Kwa kuishi katika nyanda hizi za Ufipa nimezidi kuona kwamba si swali la mtihani tu. Jibu lake laweza kumlinda jirani au kumponza.

Tuanze na maneno yenyewe. Tukisema "mzee yule ni kama mwamba," hiyo ni tashbihi. Vitu viwili vimelinganishwa, na neno "kama" linatukumbusha kuwa ni viwili. Tukisema "mzee yule ni mwamba," tumeingia katika sitiari. Ukumbusho umeondoka, na msikilizaji ameachiwa kazi ya kujua kwamba kinachotajwa ni uthabiti wa mzee, si mwili wake. Sitiari ikitandazwa ikawa hadithi nzima huitwa istiara. Na maneno yakielekea huku maana ikielekea kule, hicho ni kinaya.

Mababu wa Ufipa hawakuyajua majina hayo, lakini kitu chenyewe walikijua barabara. Walikuwa wakiyeyusha chuma katika matanuru ya udongo marefu kupita kimo cha mtu, yaitwayo malungu, ambayo mabaki yake yangali yakionekana hapa na pale. Tanuru walilichukulia kuwa bi harusi. Walilipamba, wakalifanyia taratibu zake, na chuma kilichotoka ndani kilikuwa mtoto aliyezaliwa. Sidai kwamba kwao jambo hilo lilikuwa mchezo. Waliliheshimu kwa dhati. Hata hivyo, fundi huyo huyo alijua kuchagua mawe yenye chuma, alijua makaa ya kutosha, na alijua hewa ipite wapi. Arusi haikuchukua nafasi ya mawe wala makaa. Aliweza kushika picha kwa mkono mmoja na ukweli kwa mkono wa pili.

Shaaban Robert naye aliiweka Kusadikika, katika kitabu chake cha mwaka 1951, iwe nchi iliyo angani. Msomaji anayeitafuta nchi hiyo katika ramani atachoka bure. Lakini anayejiuliza kwa nini Karama anashtakiwa, na ni watawala wa namna gani wanaoogopa watu wao wafundishwe sheria, huyo ameanza kusoma. Tanganyika ilikuwa chini ya Uingereza wakati huo, na istiara iliweza kupita pale ambapo kauli ya wazi ingezuiwa. Basi asemaye kwa picha si lazima awe mwongo. Pengine ndiye pekee aliyesema kweli.

Sasa tulitazame jina la mji wetu. Maelezo yanayojulikana zaidi ni kwamba Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi." Ni amri, tena amri ya kukataza. Lakini nenda Dar es Salaam au Arusha, useme umetoka Sumbawanga, na papo hapo utaulizwa kama umekuja kwa basi au kwa ungo. Jina linaloukataa uchawi limefanywa kuwa cheti cha uchawi! Kinaya cha namna hii hakikubuniwa na mwandishi yeyote. Mzaha wa watani mimi huucheka, maana anayetania anajua kuwa anatania. Hatari huanza pale mtu anaposahau.

Huko Usukumani, katika miaka ya 1980 na 1990 na hata baadaye, wanawake wazee wengi waliuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na mojawapo ya "dalili" zilizotajwa ni macho mekundu. Ndugu msomaji, ni bibi gani aliyepika miaka hamsini katika moshi akabaki na macho meupe? Katika ngano, macho mekundu ni ishara. Msimulizi huyatumia ili tumtambue mbaya upesi, kwa kuwa usiku ni mfupi na watoto wanasinzia. Muuaji aliichukua ishara hiyo akaibandika kwenye uso wa mtu hai. Alimsoma jirani yake kana kwamba ni mhusika wa hadithi.

Wapo wasemao kwamba basi ngano za wachawi ziachwe. Siafiki. Mtoto asiyezoea picha ndiye atakayedanganywa nazo kwa urahisi zaidi. Wapo pia watakaosema kwamba uchawi kwao si sitiari hata kidogo, bali ni jambo la kweli. Sitabishana nao hapa. Nitawaomba tu wakubali kwamba imani ya mtu, hata iwe na nguvu kiasi gani, haiwezi kuyageuza macho yenye moshi kuwa ushahidi. Anayeamini na asiyeamini wanadaiwa deni moja: kabla ya kumtuhumu mtu, wauulize moyo kama walilolisikia ni taarifa au ni picha, na kama ni taarifa, nani aliona nini.

Ndiyo maana siwaonei haya wanaonicheka kwa kufundisha tashbihi na sitiari katika nchi yenye shida nyingi. Ndani ya kitabu, mwandishi na awe huru kumwita mtu simba, fisi au mchawi. Nje ya kitabu, bibi yule jikoni ana haki ya kuitwa kwa jina lake, na kuzeeka kwa amani.