Kisasi Kisicho na Mpaka



Atokaye Mombasa kwenda Nairobi hupita karibu na mlima wa Lukenya, upande wa Machakos. Hapo palikuwa na jela, na mwezi wa Septemba 1954 wapiganaji wa Mau Mau waliivamia wakawafungua wafungwa karibu 300. Barazani kwetu kisa hiki husimuliwa kwa furaha, wala si ajabu, kwani mdhulumiwa hupenda kusikia minyororo imekatika. Lakini mazungumzo hayaishii hapo. Baada ya kahawa ya pili husifiwa pia waliowaua machifu, na mtu husema, "Waliyataka wenyewe."

Basi na tutazame yaliyopita Lari. Serikali ya kikoloni iliitaka ardhi ya Tigoni iwe ya walowezi. Luka Wakahangara alikubali kuitoa na kupokea ya Lari. Waliokataa wakafukuzwa kwa nguvu. Dhuluma hiyo ilikuwa ya kweli, na uchungu wake ukakaa vifuani miaka mingi. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 ukalipuka. Luka, aliyekuwa chifu, aliuawa pamoja na jamaa zake, na nyumba za walinzi wa serikali zikatiwa moto. Wengi katika waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Kisha walinzi na askari wakalipiza, wakaua ovyo; na mwisho wake mahakama ikawanyonga watu 71.

Niambieni, yule mtoto mchanga wa Lari aliuza shamba gani? Alitia sahihi karatasi gani?

Mwenyezi Mungu amempa walii wa aliyeuawa haki: ataka kisasi mbele ya hakimu, au apokea dia, au asamehe, na kusamehe ndiko bora. Lakini amemkataza kupita mpaka. Aliyenyang'anywa shamba hakupewa ruhusa ya kuchoma nyumba iliyolala watoto. Hiyo ndiyo ada ya Jahiliya, kuua kabila kwa kosa la mtu mmoja. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, katika Hija ya kuaga aliviondoa visasi vyote vya Jahiliya, na cha kwanza alichokiondoa kilikuwa cha damu ya jamaa yake mwenyewe.

Nawe uliyepewa madaraka, uwe chifu, diwani au karani wa ardhi, usifurahi kwa maneno haya. Muhuri ulio mkononi mwako ni amana. Dua ya mdhulumiwa haina pazia baina yake na Mola wake, hata akinyamaza.

Na sisi wa barazani, tuchunge ndimi zetu. Anayesifu damu ya haramu leo humfundisha kijana anayemsikiliza aimwage kesho.

Ewe Mola, tuepushe na kudhulumu na kudhulumiwa. Amin.