Tuko Tayari Kupoteza Saa Ngapi?

Kuna swali ambalo sisi watu wa kompyuta huuliza kabla hata waya mmoja haujanunuliwa: mko tayari kupoteza kiasi gani? Hatuulizi kama mfumo utaanguka. Utaanguka. Stima itapotea, diski itakufa, mtu atafuta kitu ambacho hakufaa kufuta, ama bomba la ghorofa ya juu litapasuka wikendi wakati hakuna mtu. Tunachouliza ni, ukishaanguka, tunarudi nyuma hadi wapi? Saa moja? Siku nzima? Jumatatu iliyopita?

Jibu huandikwa kama nambari. Ukisema saa 24, maana yake nakala rudufu (bakapu, tuseme ukweli, hakuna anayesema nakala rudufu akiwa kazini) itatengenezwa mara moja kwa siku, kwa kawaida saa nane usiku watu wakiwa wamelala. Ukisema dakika 5, utahitaji seva ya pili inayonakili kila kitu papo hapo, ikiwezekana katika mji mwingine, na bili yake itamfanya mhasibu avue miwani.

Nimeketi kwenye mikutano ya aina hii mara kadhaa. Mmoja ulikuwa wa Sacco, sitaitaja, na hiyo saa 24 ilipitishwa kabla chai haijapoa. Hakuna aliyekuwa mtu mbaya pale. Mwenyekiti aliuliza bei, meneja akasema hiyo ya usiku inatosha, tukasonga kwa ajenda ya viti vipya vya ukumbi. Viti vilichukua dakika 40.

Uamuzi ule uliitwa wa kiufundi. Mimi nauona wa kimaadili. Angalia hilo neno "tuko". Kiswahili kinakuruhusu kusema "tu" bila kueleza ni nani hasa yumo ndani. Tuko tayari kupoteza saa 24. Sisi nani? Waliokuwa mezani hawakuwa wakipoteza kitu. Pesa zitakazowekwa siku ya balaa ni za watu ambao hawajui kwamba swali hili huulizwa.

Chukua siku ya kawaida. Bakapu imefanyika saa nane usiku, saa kumi jioni seva inaungua. Saa 14 zimeenda. Ndani ya hizo saa kuna jamaa aliyelipa mkopo kwa M-Pesa. Huyo hana presha, mesej iko kwa simu, ataionyesha. Kuna mama muuza mboga aliyekuja mwenyewe dirishani na shilingi 3,000 taslimu, akapewa kikaratasi, kikaratasi kikaingia kwa aproni, aproni ikaoshwa. Kesho atasimama mbele ya karani akijieleza. Pesa ni yake, lakini sasa ni yeye anayetakiwa kuleta ushahidi, na foleni nyuma yake inasikiliza. Halafu kuna yule aliyechukua mkopo asubuhi hiyo hiyo, ambaye mfumo ukirudi hautamkumbuka kabisa. Tunaomba awe mcha Mungu.

Ndiyo maana nakataa mtu akiniambia data ikipotea imepotea kwa wote. Mashine ikisahau, anayeumia zaidi ni yule ambaye hana kumbukumbu nyingine popote. Tena mara nyingi ndiye alituamini zaidi, akaona haina haja ya kuweka daftari lake mwenyewe.

Kuna fikra ya zamani inayonisaidia hapa kuliko vitabu vya kompyuta, nayo ni amana, vile inavyoeleweka Pwani na katika sheria ya Kiislamu. Ukiniwekea kitu chako nikakitunza vizuri, kisha mafuriko yakakibeba, sikulipi. Ukiniwekea nikakiacha uani nikaenda zangu harusini, nakulipa. Hasara kwako ni ile ile, ila mimi nimekuwa mzembe. Na benki zetu hadi leo huita pesa ya mteja amana.

Shida ni kwamba kwenye kompyuta, uzembe unaweza kufanana sana na bidii. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab alifuta hifadhidata akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Alikuwa kwenye seva kuu. Alipostuka na kukatiza amri, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4 na nusu. Walikuwa na njia tano za kujikinga na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi inavyopaswa. Bakapu za kila siku zilikuwa zikifeli kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo tofauti na hifadhidata yenyewe, na barua pepe za kutoa tahadhari zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ya saa 6 kabla, iliyokuwa imetengenezwa kwa shughuli nyingine kabisa. Mtu wa nje angehesabu zile njia tano na kusema hawa wako makini. (Sifa niwape: walieleza yote hadharani, hadi wakarusha video moja kwa moja wakiwa bado wanahangaika.)

Kwa hivyo siku hizi mtu akiniambia ana bakapu, namuuliza mara ya mwisho aliirejesha lini, kwenye mashine tupu, akahesabu rekodi moja moja. Wengi hucheka. Na namuuliza iko wapi. Moto wa Machi 2021 kwenye kituo cha OVH, Strasbourg, uliwakuta wateja ambao bakapu zao zilikuwa hapo hapo kituoni.

Lakini Korea Kusini ndiyo hunikosesha usingizi. Watumishi wa serikali walikuwa wameelekezwa kuweka kazi zao kwenye hifadhi moja ya pamoja, G-Drive, badala ya kompyuta za ofisini. Tarehe 26 Septemba 2025 betri zikashika moto katika kituo cha data mjini Daejeon, na terabaiti 858 zikaenda. Hapakuwa na nakala nje. Sababu iliyotolewa ni kwamba hifadhi ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Soma tena hiyo sentensi. Mtu anaambiwa asijiwekee chake, alete hapa, kisha aliyemwambia anaona mzigo ni mzito. Kwa kipimo cha amana, kama huwezi kuubeba, ungeanza kwa kukataa kuupokea.

Najua utaniambia: buda, hiyo seva ya pili inalipwa na nani? Na gawio la huyo huyo mama mboga. Kweli. Na kuhifadhi kila kitu milele pia ni kosa la aina yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuomba data yake ifutwe katika hali fulani. Bakapu ya zamani ikirejeshwa bila uangalifu, inamfufua mtu aliyeomba asahaulike. Basi sidai nambari iwe sufuri. Pengine saa 24 inatosha kwa Sacco ndogo. Nachokataa ni kuamuliwa kimya kimya.

Kant, mwaka 1795, alipendekeza kipimo ambacho nakipenda kwa wepesi wake: jambo linalogusa haki za wengine, kama haliwezi kufanikiwa likitangazwa, basi si la haki. Jaribu kwa ile saa 24. Ukiibandika ukutani karibu na dirisha la kuweka pesa, nini kitatokea? Mama atakitunza kikaratasi chake. Mwingine atauliza kwa nini wa M-Pesa wanapata mesej na wa taslimu hawapati, na hilo ni swali zuri sana, kwa sababu mesej moja kwa kila anayeweka pesa ni rahisi mbali kuliko seva ya pili, na inampa mwenye mali nakala yake mkononi. Hakuna fundi aliyelifikiria mkutanoni, maana hakuna muuza mboga aliyealikwa.

Ningependa kumwona mwenyekiti akisimama kwenye mkutano mkuu, baada ya gawio na kabla ya mengineyo, aseme: mfumo wetu ukifa jioni hii, tutapoteza yote mliyofanya tangu saa nane usiku, na kamati imeona hiyo ni sawa. Kisha anyamaze, asubiri mikono.